Cherehani ya Akello

Busia, Jumapili

Kaka yangu Owori,

Nakusalimu sana wewe, wifi na watoto. Natumaini mmeamka salama hapo Kirewa, na muhogo wenu umepata mvua. Sisi tunapumua, ila nyumba imekuwa kubwa bila dada yetu Akello. Bado namwona akilamba uzi kabla ya kuupitisha kwenye sindano.

Kaka, nina hasira. Siku ya nne baada ya mazishi, wenzetu wa kikundi walikuja kubeba cherehani yake. Unajua mikopo yetu: tuko wanawake kumi, tunadhaminiana, na mmoja akishindwa, wenzake huingia kwake kuchukua vitu. Afisa wa mkopo alisimama mlangoni na fulana iliyoandikwa “Mwanamke, Inuka”. Nikamwuliza, Akello atainukaje naye yuko kaburini? Akajibu kwamba fomu haina mahali pa kifo. Truphena, aliyelia kuliko wote mazishini, ndiye aliyeshika meza ya cherehani. Aliniomba niwasamehe, maana hata wao wana watoto. Carol, binti wa marehemu, aliwasihi wamwache amalizie sare za shule ambazo mama yake aliziacha, kwani sasa ndiyo riziki yake. Walimngoja amalize mkono mmoja wa shati, basi.

Hasira nyingine ni juu yako. Mbele ya waombolezaji ulisema wanawake wakipewa mkopo wanaumalizia kwenye chipsi. Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, kwa sababu Akello alikuwa ameniapisha.

Leo navunja kiapo. Pikipiki unayobebea abiria Nagongera haikutokana na akiba ya Akello kama alivyokuambia alipokupa. Ni mkopo ule wote. Hakununua hata mita moja ya kitambaa. Alisema ukijua ni deni utaona haya kuipanda. Nami nilitia sahihi kwamba pesa ni za kushonea. Nilidanganya kikundi, kisha nikakuacha umcheke maiti.

Jana niliwaambia ukweli. Truphena alinitukana, nikastahili. Tutakuja kwako Alhamisi, wote tisa, mimi mbele. Ukikubali kulipa kila wiki, Carol atarudishiwa cherehani. Ukikataa, tutaondoka na pikipiki, na mimi ndiye nitakayeshika usukani.

Wabusu watoto. Mwambie wifi asichinje kuku, maana safari hii hatuji kama wageni.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,
Apendi