Mzazi Juu ya Mti wa Mapichi

Jumatano, Nyandira. Baridi ya leo ni ya kukata masikio. Ukungu umeshinda mlangoni tangu alfajiri, na mimi nimevaa soksi mbili mbili, khanga nimejifunga kichwani mpaka kidevuni kama mgonjwa wa jino. Nikijiona kwenye kioo nacheka peke yangu.

Nacheka! Nimeandika neno hilo mwenyewe na sijalifuta.

Wachache mnaonisoma hapa mmekuwa mkiuliza nimepotelea wapi. Sikupotea, nilikuwa nimejificha. Leo nasema yote, maana leo naweza.

Mimi ni mkunga. Miaka kumi na sita nimesimama leba mjini Morogoro, nimepokea watoto mpaka nimeacha kuhesabu. Miezi mitatu iliyopita mama mmoja alifia mikononi mwangu. Aliletwa kutoka Kisaki, njia yote ile na mashimo yake, akafika ameshapoteza damu nyingi. Alijifungua. Mtoto akalia, mama akatabasamu, kisha akaondoka huku nimemshika mkono. Tulifanya kila kinachofanywa. Vikao vilikaa, mafaili yakasomwa, wote wakasema sikukosea mahali.

Sawa, masikio yalisikia. Mikono haikusikia. Tangu siku ile nikivaa glavu vidole vinatetemeka, na nikiona tumbo la mjamzito natafuta mlango.

Mkunga anayeogopa wajawazito. Ndilo ungamo langu hilo, mlichukue lilivyo.

Matroni wetu, mkuu wa wauguzi, mama mwenye moyo mzuri na mdomo mkali, alinipa likizo. Akasema nenda mahali penye hewa, lala, kula, na Ijumaa unipigie simu: unarudi leba, au nikuhamishie masjala ukapange mafaili. Nilipanda gari la kuja huku Mgeta nikiwa na jibu tayari. Masjala. Mafaili hayavuji damu.

Nimefikia kwa Mama Koleta, mkulima wa kabichi na njegere mwenye vyumba viwili vya wageni nyuma ya nyumba yake. Siku tatu hizi nimelala kama sina deni na mtu. Naamka nakuta chai ya maziwa ya mbuzi na viazi vya kuchemsha, nakaa barazani naangalia matuta ya mboga yanavyoteremka mlima mzima, jua likitoka naota, likiingia narudi kitandani. Raha tupu, isingekuwa jambo moja. Mama Koleta ana mkwe wake hapa nyumbani, Yustina, na Yustina ana mimba ya miezi minane. Ya kwanza.

Jumapili, siku niliyofika tu, aliponiuliza kazi yangu nikajisahau nikamwambia. Uso wake ukachangamka. Akaniomba nimpapase tumbo nimwambie mtoto kalalaje. Nikamjibu kwamba niko likizo. Hivyo hivyo, kavu. Binti wa watu akasema, "Haya nesi, pumzika," akaenda zake kumenya viazi. Niliona aibu mpaka usiku, lakini sikumwita.

Sasa ya leo.

Saa tatu asubuhi nilikuwa uani napiga mswaki. Yustina alikuwa anaanika nguo kwenye kamba iliyofungwa kwenye mti wa mapichi. Ghafla nikasikia ukelele, nikamwona mjamzito wa miezi minane akikimbilia ndani kama mwanariadha. Kinyonga! Alikuwa kwenye tawi, shibiri moja kutoka mkono wake.

Nami nikaruka, nisidanganye. Mswaki ukaanguka matopeni. Nimekulia kwa bibi aliyetufundisha kwamba kinyonga akikung'ang'ania hakuachii mpaka akatwe vidole, na ukikutana naye asubuhi basi siku yako imeingia nuksi. Nimesomea uuguzi, nimeshika kila kinachotoka mwilini mwa binadamu, lakini kinyonga hapana.

Mama Koleta akatoka na jembe.

Nikiwa nimejibanza ukutani, nikamtazama yule mnyama. Alikuwa wa kijani kilichoingia weusi, kapembe kamoja kafupi puani, tumbo limejaa mpaka linamwelemea. Anatembea hatua mbili, anasimama. Anarudi. Anainua mkia, anajikaza, macho yanazunguka kila jicho na njia yake. Kisha anatulia kidogo, halafu anaanza tena.

Ile hali nikaijua. Miaka kumi na sita nimeiona kwenye korido ya wodi ya wazazi.

"Anaharisha huyo," akasema Mama Koleta. "Kala sumu ya kabichi."

"Hapana mama," nikasema. "Ana uchungu."

Sikupata nafasi ya kueleza. Kitu kikamtoka, chepesi, kinang'aa, kikadondoka na kunata kwenye jani. Kimefungwa ndani ya utando kama mtoto anayezaliwa na chupa ya uzazi haijapasuka. Kikajinyoosha, utando ukachanika, vikatoka vijiguu vinne na kamkia. Kakashika ukingo wa jani, kakaanza safari. Shuleni tulisoma kwamba kinyonga hutaga mayai ardhini. Huyu wa Nyandira hakusoma vitabu vyetu.

Mama Koleta akashusha jembe, akashangaa, kisha akaliinua tena. Akasema kwa huruma kabisa, "Basi ndiyo mwisho wake. Kinyonga akizaa anapasuka tumbo, anakufa. Tummalizie asiteseke."

Na mimi hilo nalijua tangu utoto. Nani hajaambiwa? Kinyonga hamwoni mama yake. Nilitaka kuingia ndani nijifunike blanketi mpaka yaishe. Kutazama mzazi mwingine akifa mbele yangu, hata kama ni mzazi wa juu ya mti, sikuwa na nguvu hiyo.

Jembe likaanza kushuka, na kinywani mwangu ikatoka sauti ambayo sijaisikia kwa miezi mitatu.

"Mama! Weka jembe chini! Hapa kuna mzazi!"

Ile sauti ya leba, inayorudisha nyuma waume mlangoni. Mama Koleta, mtu mzima ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, akaweka jembe chini kama mwanafunzi. Nilikuja kumwomba radhi baadaye. Akasema aliniogopa mimi kuliko kinyonga.

Nikasogea karibu na mti. Wa pili akatoka, wa tatu, wa nne. Nikaanza kuhesabu kwa sauti bila kujijua. Kati ya wa saba na wa nane alikaa sana. Akafumba macho, rangi ikawa nyeusi, mwili ukalegea kwenye tawi. Nikasema moyoni, ndiyo haya sasa. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshaingia kazini. "Twende mama. Usilale. Vuta pumzi. Bado kidogo, twende."

Kutoka dirishani nikamsikia Yustina akicheka. "Njooni muone, nesi anamzalisha kinyonga!"

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo!" nikamjibu bila kugeuka. Mama Koleta alicheka mpaka akashika ukuta.

Wa nane akatoka. Wa tisa akadondokea kwenye khanga iliyoanikwa, akabaki pale pale. Hajinyooshi. Utando umemganda usoni, haujachanika. Nikasubiri. Wenzake wote walishachukua njia zao, yeye kimya.

Sikuwa na chochote. Nikachuma jani la nyasi, nikalikunja, nikamwinamia. Kwa ncha ile nikachana utando puani, nikauvuta taratibu mpaka shingoni. Hakuna kitu. Nikamsugua mgongo kwa kidole, kidogo tu, kama ninavyowasugua wale wanaozaliwa wamechoka. Mara akafungua mdomo mdogo kuliko punje ya mchele, akajikunja, akashika kidole changu.

Kinyonga amening'ang'ania, bibi yangu, na sikukimbia.

Nikatazama mikono yangu. Imetulia.

Nilimhamishia kwenye jani, nikaendelea kuhesabu na machozi yananitoka. Walikuwa kumi na watatu. Baada ya hapo mama akabaki kwenye tawi, ubavu umebonyea, tumbo limekuwa mfuko mtupu. Mama Koleta akanong'ona, "Sasa." Tukasubiri apasuke. Yustina naye akatoka ndani polepole, akaja kusimama nyuma yangu, mkono mmoja amenishika bega. Nilimsikia anavyopumua. Nikaelewa kwamba mimi nilikuwa namwona yule wa Kisaki, na yeye anajiona mwenyewe, lakini hofu yetu ilikuwa moja.

Tulisimama muda mrefu, miguu ikafa ganzi kwa baridi.

Kisha jicho moja la yule mama likazunguka. Likasimama. Ulimi ukaruka, pa! Inzi aliyekuwa kwenye tawi la pili hayupo tena. Mama anatafuna.

"Heee!" Mama Koleta akapiga makofi. "Mzazi ana njaa! Mzazi mzima huyo!"

Akapiga vigelegele. Yustina akadakia, nami nikadakia, wanawake watatu uani tunapigia mti vigelegele. Majirani wakatokea kwenye uzio kuuliza nani kajifungua. Mama Koleta akawajibu kwa fahari kwamba ni kinyonga, na hajambo kabisa. Walivyoondoka! Hata kuaga hawakuaga.

Yeye mwenyewe mzazi hakutujali. Aliinua mguu, akafikiri, akaushusha, akaenda zake na mwendo wake ule ule.

Mama Koleta alikaa kwenye kigoda akasema neno lililoniingia. "Miaka yote naambiwa anakufa. Kumbe nani aliwahi kukaa akamwona? Wote tunakimbia."

Nimelitafuna neno hilo siku nzima. Mimi nami nilikimbia. Wazazi wangapi wametoka leba kwangu kwa miguu yao, wamebeba watoto, wamenipungia mkono mlangoni? Sikumbuki hata nyuso zao. Nilikuwa nimebaki na uso mmoja tu, nikaapa kwamba kila mzazi ni yule. Yule mama wa Kisaki hatarudi, na sitamsahau wala sitaki kumsahau. Ila sitamfanya awe kila mtu.

Mchana nilimwita Yustina mwenyewe. Alilala kwenye mkeka, nikapasha viganja kwenye kikombe cha chai, nikamshika tumbo. Kichwa kiko chini, mgongo kushoto, mtoto anarusha teke la nguvu. Nilimwambia asisubiri uchungu huku mlimani, ateremke mapema akae karibu na kituo cha afya. Mama mkwe akaitikia kabla yake.

Halafu nikapanda kule juu kanisani, kunakopatikana mtandao. Matroni alipokea akaniambia meza ya masjala imeshafutwa vumbi, na leo ni Jumatano tu, kulikoni haraka. Nikamwambia aniandike leba.

"Usiniletee nusu nusu," akasema.

"Naja mzima."

"Alhamdulillah," akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi. Kisha akakohoa, akagomba kwamba nimemtia hasara ya kufuta meza.

Hofu haijaisha, nisijitape. Lakini kesho naagana na watu hawa wema, nateremka mlima. Jumatatu asubuhi atakuwepo mwanamke pale leba, simjui jina, anaogopa kuliko mimi. Atapiga kelele aite nesi.

Nitaitika mimi.