Dole Gumba la Zambarau

Jumatatu, 3 Machi

Miaka saba! Miaka saba ya kugonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye barua za watu, mkataba wa miezi sita sita, na leo ndiyo wamekumbuka kuwa nipo. Bosi wa masjala kaniita. Tunamwita Mzee Kanuni – hapigi chafya bila kutaja kifungu. Kanisomea barua nimesimama. Ajira ya kudumu. Pensheni. Bima yangu na ya wanaonitegemea. Nikamuuliza, na mama? Na mama, akasema.

Nilicheka peke yangu kwenye korido kama mwehu. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka wa pili huu tunaahirisha upasuaji.

Kuna fomu ya kujaza kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, saa sita mchana. Nitaisoma kesho.

Jumanne, 4 Machi

Nimeisoma. Swali la tisa: Je, una shughuli nyingine inayokuingizia kipato? Ndiyo/Hapana. Kama ni Ndiyo, eleza. Na chini kwa maandishi ya kupofua: hairuhusiwi bila kibali.

Ninayo! Kila asubuhi kabla ya kazi naweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, najirekodi nikifungua na kutengeneza cherehani. Uso hauonekani, mikono tu na sauti. Wafuasi elfu kumi na tisa. Wengine wanalipia darasa la mwezi, na tangu Desemba darasa hilo ndilo linalolipa kodi ya nyumba. Siyo muhuri. Ni kazi ya marehemu baba, fundi wa kutengeneza cherehani barazani. Nilimshikia bisibisi tangu nina mapengo.

Nikaenda kwa afisa utumishi. Huyu ni Bwana Mayai, anauza mayai ya trei chini ya meza yake, jengo zima linajua. Akasema andika Hapana, dada, usijitie utakatifu, hata mimi niliandika Hapana. Nikatazama trei. Akazisukuma ndani kwa mguu.

Alhamisi, 6 Machi

Mama kaanza tena. Niache kuongea na simu, nishike kazi ya watu wazima. Baba yako alikuwa na mikono ya dhahabu, anasema, na siku nguvu zilipomwisha dhahabu nayo ikaisha. Mimi ndiye niliyemuuguza, siyo hao wafuasi wako.

Sikujibu. Mama hajibiwi. Lakini moyoni nilimjibu sana! Nani aliyesema kazi ya kudumu inadumu? Mwaka juzi walipunguza watu kumi na wawili, wote wa kudumu, wakapewa barua siku moja. Mimi ndiye niliyezigonga mihuri barua hizo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefungiwa chaneli! Asubuhi nafungua – maandishi mekundu. Video yangu ina "vifaa vya hatari". Sindano! Sindano ya cherehani ndiyo hatari! Hakuna mtu wa kumpigia, hakuna mlango wa kugonga. Unabonyeza "kata rufaa" halafu unakaa. Wanafunzi wangu wananiuliza darasa liko wapi.

Nimeogopa leo, niandike ukweli. Ofisini angalau ukionewa, unamjua anayekuonea.

Jumapili, 9 Machi

Wamefungua. Samahani hata moja hakuna. Nimerekodi somo la mashine inayoruka mishono papo hapo, kwa hasira, na limetoka zuri kuliko yote.

Kitu kimoja. Kwenye maoni wananiita Dole la Zambarau. Mwalimu, mbona dole gumba lako lina rangi? Wino wa muhuri huo. Nimejaribu limau, majivu, mafuta ya taa – ng'o! Ujanja wote wa kuficha uso, nikasahau gumba.

Jumanne, 11 Machi

Haya. Siri imekwisha.

Nimempelekea Mzee Kanuni faili. Simu yake iko mezani inaongea – kwa sauti yangu! Somo la kuruka mishono. Mke wake kamtumia, mashine yake inamsumbua. Nikaweka faili. Akatazama gumba langu juu ya faili. Akatazama simu, gumba lile lile linageuza gurudumu. Akazima. Nilisikia feni.

Mwishowe akasema, pole pole, kwamba mke wake ameshindwa. Nikamwambia sindano kaiweka kinyume, aigeuze.

Akashukuru. Halafu akainama: swali la tisa andika Hapana, binti yangu. Mimi sijaona kitu.

Mzee Kanuni huyo! Nilitakiwa nifurahi. Badala yake nimekuwa na hasira mpaka jioni. Nisukumwe chini ya meza kwa mguu, kama mayai? Halafu kila nitakapoinua sauti ofisini, nikumbushwe kwamba kuna mtu "hakuona kitu"?

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia mama yote. Nikamwekea na lile somo karibu na sikio, maana kuona haoni. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Nikasubiri nichambwe.

Hapo umekosea, akasema. Baba yako alikuwa anaanza na sindano, ndiyo aguse uzi. Wewe umeanza na uzi.

Ni kweli!

Nikamweleza kwamba nikiandika Hapana, bima inakuja na macho yake yanatibiwa. Akasema: "Usiyasingizie macho yangu. Macho ni yangu, uongo utakuwa wako."

Nikacheka na kulia pamoja. Kisha akapapasa kikombe mezani, akakikosa. Nilikisogeza bila kusema kitu. Na yeye alijua nimekisogeza.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tano na dakika hamsini. Naandika mezani kwangu.

Swali la tisa: Ndiyo. Penye "eleza" kuna mistari miwili tu. Nimeandika: Nafundisha kutengeneza cherehani mtandaoni, kabla na baada ya saa za kazi. Naomba kazi hii na naomba kibali, vyote viwili. Mistari ikaisha, nikaendelea pembeni: Kama haviwezekani vyote, niandikieni sababu.

Fomu zote zinapitia masjala. Masjala ndiyo mimi. Nikaifungua pedi ya wino, na Mzee Kanuni akatokea mlangoni karibu anakimbia. Usigonge! Usigonge kwanza, tuzungumze!

Nikagonga. IMEPOKELEWA, na tarehe.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha siku yangu ya kwanza: karatasi ikishagongwa muhuri hairudishwi wala haibadilishwi, lazima ijibiwe kwa maandishi. Kanuni yake hiyo. Akaitazama fomu, akanitazama. Sikuinamisha macho. Akaichukua kwa ncha za vidole, wino haujakauka.

Sasa mlango wake umefungwa. Nasikia anamsomea mkubwa fulani kwa simu, neno kwa neno. Amefika kwenye "cherehani". Anaulizwa kitu. Anarudia: cherehani, ndiyo, mzee, cherehani.

Gumba sijalifuta.