Mwambie Baba ni Msumeno

Kiwanda cha mbao, nje ya Nyololo,
Iringa, Tanganyika.
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpenzi Tupokigwe,

Ugonile, dada. Kaa kwanza. Najua barua zangu huzisoma umesimama mlangoni huku ndizi zinaungua jikoni, halafu shemeji anakula majivu na kunilaumu mimi. Epua chungu, kisha uendelee. Je, hujambo? Shemeji naye, kile kikohozi chake cha masika kimekwenda zake? Na mama, magoti yanampandisha kilima cha kanisani, au bado anasalia nyumbani na kumsema mchungaji kwa kujenga juu? Huku ni ukungu na baridi, shati likifuliwa Jumatatu linakauka likitaka. Lakini mwili wangu ni mzima, nakula, nafanya kazi. Ni haya masikio tu.

Barua yako niliipata kwa dereva wa lori la mbao. Niliisoma nikacheka, nikaendelea kusoma nikahuzunika.

Nilicheka kwa lile baraza la hasira. Mimi nilipowaandikia kwamba masikio yanalia kutwa kucha, sikujua baba angeuita ukoo mzima uani. Lakini ndivyo tulivyo Wanyakyusa: mtu akiugua mbali, basi kuna ndugu anamnung'unikia moyoni, na manung'uniko hayo ndiyo yanayomfuata. Kila mwenye neno alitoe, kisha mzee apulize maji chini kwa kinywa, mgonjwa apone. Haya, yametolewa! Kumbe shangazi bado ana hasira na mwavuli wake. Ule mwavuli uligeuzwa na upepo wa Rungwe mbele ya macho yake, mimi ningeushika upepo? Mdogo wetu naye eti nilimnyima zamu ya baiskeli. Hata wewe, dada, eti sikukusifu siku ya harusi yako. Nakusifu leo: ulipendeza sana, ingawa ulilia mpaka shemeji akadhani umeghairi.

Nilihuzunika nilipofika kwenye habari ya baba. Unasema alinena wa mwisho, kwa sauti ndogo, kwamba mnung'unikaji mkubwa ni yeye. Kwamba jioni akifunga ng'ombe alikuwa akisema peke yake, mwanangu gani huyu anayechunga miti ya wageni wakati zizi langu halina mtu. Akapuliza maji, akasema moyo wake sasa mweupe. Na tangu siku hiyo anakuuliza kila mara kama mlio umekoma, chakula anakimega tu, na kwa rafiki zake haendi tena, kwa kuwa anaona amemharibu mtoto wake kwa mdomo wake mwenyewe. Unaniomba nikujibu kweli.

Haujakoma, dada.

Ni mlio mwembamba, mkali, usio na pumzi. Nyenje hulia mitini, lakini akisikia miguu ya mtu hunyamaza. Huu haunyamazishwi na mtu. Leo kanisani wameanza wimbo, na mimi unajua niliimba sauti ya tatu tangu shule ya misheni. Nimefungua kinywa nikaikosa sauti, nikakifunga tena. Nilisimama na kitabu changu kama mgeni. Hilo liliniuma kuliko mlio wenyewe.

Sasa unaona nilivyobanwa? Nikiandika umekoma, baba atafurahi siku mbili, halafu atajua kwa hakika kwamba ni yeye aliyeniumiza, maana maji yake ndiyo yaliyoniponya. Nikiandika haujakoma, atasema bado kuna hasira imejificha moyoni mwake, aichimbe mpaka ajichimbe mwenyewe. Mpishi wetu wa kambi, Anyosisye, mtu wa kwetu, wa upande wa Masoko, aliniambia, "Mdanganye tu. Mzee anataka habari njema, mpe." Usiku wote niligeuza neno hilo. Asubuhi nikalikataa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nikija nyumbani baba ataniita mara tatu nisigeuke, uongo wangu utajulikana palepale uani.

Msidhani nimekaa tu. Dawa nimetafuta. Mama mmoja wa Kibena alinitia mafuta ya moto yenye kitunguu saumu, nikanuka wiki nzima hata mbwa wa kambi akanihama. Mhindi mwenye duka pale Nyololo, mzee mpole, alinipa karafuu nizichemshe, akaniambia hata yeye sikio moja humwimbia, ila lake huimba taratibu. Mganga mmoja alitaka kuku mweupe. Nikamwambia kuku mweupe nitamla mwenyewe. Mwisho nikaomba ruhusa, nikapanda lori mpaka Ipogolo, nikapandisha mlima kwa miguu hadi mjini Iringa, hospitali.

Daktari alinitazama masikio kwa tochi. Akachukua chuma chenye ncha mbili, mfano wa uma, akakigonga kikalia, akakiweka kichwani pangu, akauliza nasikia upande gani. Mimi sikujua kama kinacholia ni chuma chake au ni mimi. Msaidizi wake, kijana wa Kihehe, ndiye aliyenifasiria. Aliniuliza, "Kazi yako nini?" Nikasema msumeno wa injini, naushindilia magogo mwaka wa nne huu. Daktari hakungoja hata nimalize. Kijana akasema, "Daktari anasema basi ni hiyo. Masikio yako imepigwa na kelele mpaka mshipa ya ndani imeumia. Dawa ya kunywa hakuna, ya kutia hakuna. Uache kelele hiyo. Na mahali pa kimya usipende sana, tafuta sauti ndogo ikukae karibu." Nilimuuliza, itapona? Kijana aliangalia chini. "Pengine itapungua, kaka. Mimi sitaki kukuambia uongo."

Niliteremka mlima huo nikiwa sioni njia vizuri. Nilikuwa nimepanda na tumaini, dada, ndiyo maana.

Pale Ipogolo lori lilikuwa bado linapakia, nikaenda kukaa kwenye mawe kando ya Ruaha Mdogo ninawe uso. Maji yanapita juu ya mawe kwa kelele ya namna yake, unayajua maji. Nikakaa. Baada ya kitambo nikahisi kuna kitu kimepungua, sijui ni nini, kama mtu ameshuka mgongoni mwangu. Nikatega sikio. Mlio haupo! Nikasimama nikaondoka hatua chache, ukarudi. Nikakaa tena pale mtoni, ukapotea ndani ya maji. Nililia, dada, mtu mzima na ndevu zangu, wanawake waliokuwa wakifua wakanihurumia wakidhani nimefiwa. Dereva alipiga honi, mimi ndiyo kwanza sitaki kusikia honi ya mtu. Haikuwa kupona, maana nilipopanda lori ulinipokea. Lakini nilijua sasa kwamba kuna mahali ninaweza kupumzika, na kwetu maji hayapungui.

Sasa sikiliza jambo lenyewe, na hili umsomee baba polepole, kwa Kinyakyusa chako kizuri, si kwa mbio zako.

Mimi ninaushika msumeno pamoja na Mhehe mmoja, jina lake Mgongolwa, mtu wa makamo, mcheshi. Siku niliporudi kutoka hospitali nilimsimulia habari ya baba na maji. Hakucheka. Alifikiri, kisha akasema kwa sauti yake ya kupiga kelele, maana sisi wa msumeno hatujui tena kunong'ona: "Sikio ya kwangu inalia kabla wewe hujafika hapa. Baba yangu alikufa mimi ninanyonya. Sasa nani ananinung'unikia? Kaburi?" Nikawauliza wengine. Yule Mbena anayepokea mbao upande wa pili, sikio linalia. Msangu wa injini, linalia, tena yeye masikio yote mawili. Nikaenda msituni kwa wakataji wa miti wenye mashoka, mmoja mmoja nikamuuliza. Hakuna. Wananitazama kama nimerukwa na akili.

Halafu nikaja kwa Anyosisye mpishi. Baba, unamsikia? Anyosisye baba yake mzazi alimfukuza kwa fimbo, alimtamkia maneno mbele ya watu wote wa Masoko, na mpaka leo akisikia jina lake anatema mate. Kama manung'uniko ya mzazi ndiyo yanayoliza sikio, la Anyosisye lingekwisha pasuka! Basi masikio yake ni mazima kuliko ya paka. Ukifunua sufuria ng'ambo ya bonde anasikia, anakuja na kijiko. Nilipomwambia hivyo akasema, "Kweli. Mimi mzee amenisema, na bado nasikia kila kitu." Na neno la kunishauri nidanganye hajalirudia.

Kwa hiyo, baba, si wewe. Siwakatai wazee, wala siyadharau maji yako. Yamefanya kazi kwa shangazi na mwavuli wake, na hiyo si kazi ndogo. Lakini sikio langu linalizwa na msumeno. Kale kaneno ulikokasema zizini kalikuwa kilio cha mtu aliyemkosa mwanawe, nami ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo.

Nimeomba nitolewe kwenye msumeno, na wamekubali. Kuanzia kesho naendesha ng'ombe wanaovuta magogo kutoka msituni. Ujira utapungua lakini roho imetulia. Maksai wangu wa mbele nimeshaonyeshwa, ni mkaidi, mweusi mwenye baka kifuani, nimempa jina la shemeji. Msimwambie.

Mahindi yakiisha kuvunwa nitakuja, na nitakaa muda mrefu. Nisalimie mama mno, mwambie soksi alizofuma ninazivaa mbili mbili. Nisalimie mdogo wetu mwenye baiskeli, sasa ni yake, asilie tena. Shangazi wa mwavuli mpe salamu zenye heshima. Wajomba wa Kyela ukikutana nao mnadani wasalimie, na mchungaji, na mke wangu mtarajiwa, ambaye najua unamsomea barua zangu hata zisizomhusu. Mwambie akija kuolewa asizoee kuninong'oneza.

Neno la mwisho ni la baba tena, dada, usiliruke.

Baba, nimesikia kwamba tangu siku ile huongei ila kuuliza habari ya mlio. Unaogopa kinywa chako. Ng'ombe unawafunga kimya, watoto wakikosea unawatazama tu. Nakusihi, usininyamazie. Huu mlio umeninyang'anya sauti nyingi: wimbo umechukua, ndege wa asubuhi umechukua, na watu wakizungumza chini chini sipati kitu. Yako sijaipoteza, maana wewe hukuzaliwa kusema chini chini. Ukiwa na hasira nami, usiyaseme kwa ng'ombe. Ningoje, nikifika nikae karibu na goti lako, unigombeze kwa nguvu zako zote, nikusikie.

Kula, baba.

Mimi mwanao, na mdogo wako, dada,
Ambilikile