Moyo wa Chaki Mlangoni

Kianda, Jumatano, Januari 2008

Na hiyo chaki nilimpa mwanangu Mwende mimi mwenyewe, asinisumbue shule zikiwa zimefungwa kwa hizi fujo za uchaguzi.

Mwende anasoma tena kile kitabu chake cha uchawi, ambapo mama anakufa akimkinga mtoto, na upendo wake unabaki mlangoni kama alama ambayo adui hawezi kupita. Basi leo jirani yangu, Mama Akinyi, akanivuta kando. "Mama Mwende, mlango wenu umechorwa." Hakuniangalia usoni. Nyumba zilizochorwa hapa nyuma yetu wiki iliyopita zote zilichomwa.

Nilimgombeza huyo mtoto vibaya. Akalia. "Ni ya kutulinda, Mama. Nilichora tu moyo."

Moyo niliufuta kwa kitambaa, ukatoka mara moja. Lakini chini yake kuna alama ya X, na hiyo si chaki, ni rangi. Nimesugua kwa sabuni mpaka vidole vikachubuka. Haitoki.

Nimetandika godoro langu hapa mlangoni. Mwende amefurahi, anasema sasa tuko kama kwa kitabu.

Sikumkumbusha vile yule mama aliishia.