Vibanio Katika Kitabu cha Tatu

Mpendwa Bi. Thelma,

Naomba nikae nawe kidogo, maana mume wangu akisikia atasema ni mambo ya vitabu tu, na mimi siku ya nne hii chakula hakipiti. Nina miaka sitini na tisa, nilikuwa mpishi wa shule hapa Iowa mpaka nilipostaafu, na ninavyo vitabu kumi na vinane vya Lenora Pike, yule msichana mpelelezi mwenye mashua ya njano na tochi mkobani, alivyonunua shangazi yangu Verna kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na ndani ya jalada la kila kimoja kuna mistari ya majina, Verna kwanza, halafu mimi, halafu binti yangu Janelle, na mstari wa nne ni wa mjukuu wangu Odessa, mwenye miaka tisa, ambaye huandika jina lake kwa wino siku tunapomaliza kitabu.

Kila Jumapili baada ya kanisa tunakaa kwenye baraza yetu ya vioo, theluji inayeyuka na kudondoka kutoka paani, tunakula maharagwe ya pilipili na mikate ya mdalasini, nami nasoma kwa sauti, na ile harufu ya karatasi kuukuu inanichukua, najiona nimelala kifudifudi kwenye zulia la shangazi, ziwa la Lenora liko mbele yangu na ukungu wake, hakuna aliyekufa bado, mpaka Odessa ananigusa kiwiko, "Bibi, umenyamaza tena."

Sasa hicho cha tatu. Nilikipitia peke yangu kwanza, nikamkuta mzee mtunza mashua, mtu Mweusi, hana hata jina la ukoo, ametiwa maneno ya kipumbavu mdomoni, anaogopa kivuli chake, na Lenora wangu anamshuku kwa wizi wa mkufu bila kumuuliza lolote, halafu mwizi anapatikana ni mtu mwingine kabisa. Nilikisoma labda mara kumi utotoni, na simkumbuki yule mzee hata kidogo. Babake Odessa, Terrence, ni Mweusi, na babu yake wa upande huo anatengeneza mashua kule Milwaukee. Basi nikachukua vibanio vya karatasi nikazibana zile kurasa, nikawa nasoma kwa kuruka, nikijiambia namkinga mtoto.

Tulipomaliza akauliza, "Bibi, yule mzee wa mashua, walimwomba radhi?"

Nikajibu haraka, "Walimwomba, mpenzi. Mwishoni kabisa."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwa nimemsomea habari za mzee yeyote. Odessa akafunika kalamu, akasema, "Leo siandiki." Jumapili iliyofuata akadai tumbo linamuuma, hakuja. Ninampenda mtoto huyu kuliko macho yangu. Je, nivichome vitabu vyote, ninunue yale matoleo mapya yaliyosafishwa, au ninyamaze mpaka asahau?

Lorna, wa baraza ya vioo

Lorna dada yangu,

Pole, lakini kula kwanza. Mpishi mzima unashinda na njaa?

Miaka sitini unasoma hadithi za upelelezi, na bado hujui kwamba ukitaka mtoto asome ukurasa, ubane? Umemlea mpelelezi, akakutegea swali, ukaingia mwenyewe. Nimecheka, kisha nikasikitika, kwa sababu na mimi nilikuwa na mashua ya njano kichwani, na huwa naipanda hadi leo. Ndoto yako si kosa. Uongo wako ni kosa.

Usichome kitu. Matoleo mapya nimeyaona: wamemwondoa mzee mzima mzima, mashua zimebaki bila mtunzaji. Hicho nacho ni kibanio, ila kikubwa zaidi. Na kunyamaza asahau, sahau wewe. Huyo hasahau.

Leo hii wapigie simu Janelle na Terrence, uwaambie yote, pamoja na uongo, kabla hawajayasikia kwa mtoto. Wakikubali, nenda kwake, usingoje Jumapili. Toa vibanio mbele yake. Sema, "Nilikudanganya. Hakuna aliyemwomba radhi." Mwambie pia kwamba ulikisoma mara kumi na hukumwona, maana hilo ndilo atakalotaka kulijua kuhusu wewe. Halafu nyamaza, usilie mpaka mtoto aanze kukubembeleza. Akitaka kuzisoma kurasa hizo nawe, someni. Akitaka kuandika pembeni kwa wino, mpe kalamu. Asipoandika jina lake milele, mstari huo ubaki mtupu, na usimkumbushe. Wala usimwambie kwamba zamani watu walikuwa hivyo. Wazee wa babake walikuwepo zamani hizo hizo.

Swali lake bado liko mezani. Lenora hatamwomba mzee yule radhi, vitabu vyake vimekwisha. Umebaki wewe. Vaa viatu vya theluji uende.

Bi. Thelma