Ruhusa Uliyoitoa Bila Kuniuliza

Mama Hidaya,

Ulikufa Jumatatu, saa nne asubuhi, uani, unafua. Presha. Mie sikuwepo. Nlikuwa bandarini Wesha nashusha saruji. Walipokuja kunita nlikuwa na mfuko begani, nkautua, nkaja mbio, nkakuta washakulaza juu ya mkeka, kanga usoni. Alaasiri tukakuzika. Basi.

Sijui kama maiti wanasoma barua. Shehe anasema dua zinafika. Barua sikumuuliza. Kaburini nimekwenda mara nne, nimesema, hujibu, na pale watu wanapita, siwezi kugomba. Na mie nataka kugomba. Kwa hiyo naandika. Daftari ni la Hidaya la skuli, kurasa za nyuma. Nliishia darasa la nne, unajua. Utasoma hivyo hivyo.

Nna hasira na weye.

Sio kwa kufa. Kufa ni amri ya Mungu, mie ni nani. Nna hasira kwa ulichoniachia. Ulitoa ruhusa, ukafa, ukaniacha mie nijibu watu.

Nianze mwanzo usije ukasema nimesahau. Msimu wa karafuu uliopita walikuja wale vijana wanne wa Unguja, na kamera moja na gari ya kuazima. Mkubwa wao yule Nasra, msichana mwembamba, miwani, anatembea kama anafukuzwa. Wanatengeneza filamu. Hawana kampuni, hawana tajiri nyuma yao. Wiki mbili wamekula kwetu, mihogo yangu. Hadithi yao ni ya mtoto wa kike wa Pemba, anaitwa na shangazi yake Maskati, anakwenda, anapata tabu, anakuwa mtu mzima huko huko. Wakamwona Hidaya anatoka skuli, wakasema ni huyu huyu. Nkakataa. Ukanambia, "Baba Hidaya, ni mchezo tu, anacheza uani kwetu, na mie nipo." Nkakubali. Nlikubali mchezo. Safari sikukubali.

Na weye wakakutia humo humo, uwe mama wa huyo mtoto. Ulicheka mpaka ukashika mlango. "Mie niwe mama wa Hidaya? Mbona hiyo kazi naifanya kila siku, na hakuna anayenipiga picha." Mie hawakunitaka. Katika hadithi yao baba keshakufa zamani, mtoto hata sura yake haijui. Siku ile nlicheka. Sasa sicheki. Walikosea wa kumzika.

Halafu ile siku ya kuaga. Nasra kawaita majirani wote uani, kawaambia fanyeni kama anaondoka kweli. Kosa lake hilo. Humwambii Mpemba kwamba mtu anakwenda Maskati halafu aje mikono mitupu. Bi Saumu wa nyumba ya pili ana mwanawe kule. Kaja na pweza mkavu, kamfunga vizuri, jina na nambari ya simu juu. Mwengine kaja na chupa ya achari. Mwengine mafuta ya karafuu, ya mgongo wa dada yake. Nlivyorudi kazini begi la filamu limejaa halifungi, na Nasra anapiga makofi, "Imetoka vizuri, imetoka kweli kweli!" Hakuna aliyewaambia wenyewe kwamba begi haliendi popote. Siku ya tatu Bi Saumu kamkuta Hidaya dukani. "Ushakwenda ushageuka? Mwanangu umemwona?" "Bibi, ulikuwa mchezo." "Mchezo, na pweza wangu?"

Na pweza nlikuwa nshamla mie. Umenipikia kwa nazi, hukusema wa nani. Mwezi mzima napita nyuma ya nyumba yake nisionane naye. Weye unacheka nyuma ya mlango.

Lile nlikusamehe. Hili la sasa bado.

Tokea umekufa mama yako kahamia kwetu. Bi Kombo ni Bi Kombo, unamjua. Kateremsha picha zako ukutani, ile ya harusi na ile ya kitambulisho tuliyoikuza. Kazifunga ndani ya kanga, katia sandukuni. Anasema maiti hatazamwi, anaombewa. Sikubisha. Lakini ukutani pamebaki pahala pawili peupe, na macho yangu yanakwenda pale pale kila nikiingia. Hidaya ndiye anayepika. Chumvi anatia kidogo. Nakula. Akiingia jikoni mie natoka uani, nikirudi ndani yeye anashika daftari. Watu watatu nyumba moja, kila mtu anakwepana na mwenziwe.

Basi wiki mbili baada ya hitima Nasra akaja. Kwanza kalia, kalia kweli. Halafu akasema filamu imekwisha. Imekubaliwa kuonyeshwa Ujerumani, na Hidaya anatakiwa aende nayo, siku kumi, yeye na Nasra na mama yake Nasra. Nkamwambia hapana. Akanitazama. "Baba, mbona marehemu alisharuhusu?"

Alisharuhusu. Mwaka jana! Kumbe mlikaa, weye na Nasra na mtoto, mkapanga kwamba filamu ikiitwa nje Hidaya atakwenda. Uani kwangu. Nyiye mnajua, mie sijui. Nkamuuliza Hidaya. Kaangalia chini. "Mama alisema atakwambia mwenyewe. Alikuwa anangoja siku ukirudi hukuchoka."

Mama Hidaya. Mie kuli. Siku gani narudi sikuchoka? Miaka ishirini hukuiona siku hiyo, ndiyo uliyoingoja?

Najua kwa nini ulikubali. Weye mwenyewe hukufika popote. Unguja mara moja tu, umetapika njia nzima, umeshuka umekaa chini gatini ukasema, "Nimeshaiona dunia, nirudisheni." Lakini ndege zikipita ulikuwa unaacha kupeta mchele. Unauliza, wale wa juu wanaliona paa letu? Nakwambia wataliona la nini, lina kutu. Unasema, "Si ndio, kutu linaonekana mbali." Nlikuwa nadhani ni maneno ya kupitisha siku. Sikujua umo ndani yake.

Ungenambia.

Kaka yangu Hamadi akasikia, akaja. Hakukaa hata kukaa. "Mtoto wa kike, hajatimia kumi na nane, mama hana, unampeleka Ulaya na watu wa sinema? Utawaambia nini watu msikitini?" Nkaona ana haki. Bi Saumu naye kanisimamisha njiani. "Baba Hidaya, safari hii ya kweli, au mnataka pweza mwengine?" Kila mtu ana neno. Mwenye neno lake hasa yuko chini ya udongo.

Ikaletwa karatasi. Mzazi atie saini mbele ya sheha wa mtaa, ndipo Uhamiaji watoe pasi. Mzazi nimebaki mie. Mwisho wa kuipeleka ulikuwa leo. Nkaiweka mezani, chupa ya chai juu yake. Kila siku nanyanyua chupa, namimina chai, narudisha chupa pale pale. Hidaya angelia ningemgombeza, nkapumua. Hakulia. Alikuwa anafua nguo zangu za kazi, zile zina saruji zinakwaruza mikono, anaanika, anaingia ndani. Vidole vyake vimeanza kuwa kama vyako. Hilo lilinichoma zaidi ya maneno ya Hamadi.

Nikwambie kweli? Hamadi sio sababu. Msikiti sio sababu. Nliogopa nyumba. Siku kumi, mie na mama yako na ule ukuta. Na nliogopa asirudi. Katika hadithi yao yule mtoto harudi. Anapiga simu tu.

Jana baada ya adhuhuri Nasra akaja na kompyuta yake. Akasema, "Baba, sikuja kukulazimisha. Lakini kuna pahala marehemu anaonekana, na bibi anasema maiti hatazamwi. Tazameni. Mkisema nitoe, natoa." Akaiweka mezani. Mama yako kageuza kiti, uso ukutani. Yeye hatazami. Mie nkatazama.

Maskati yao nimecheka. Maskati gani, ni Unguja ile, muuza urojo anapita kwa nyuma na ndoo. Nkamwonyesha Nasra. Anasema Wajerumani hawatajua. Hidaya anatembea humo peke yake na begi, amevaa baibui la kuazima, na mie nkawa namwona kama mtoto wa mtu mwengine. Mkubwa. Mgongo umenyooka. Nkajiuliza huyu kakua lini, mie nlikuwa wapi. Nlikuwa Wesha.

Halafu ukatokea weye.

Nlidhani ntainuka nitoke. Sikuinuka. Umesimama mlangoni petu, umenyanyua msahafu, Hidaya anapita chini yake. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Unasoma. Sauti ya Nasra kwa nyuma inasema, "Kata." Unasoma. "Bi Mkubwa, kata, tushapata." Unasoma. Hukusoma nusunusu kama wa mchezo. Umesoma yote, mpaka ile aya wanayosomewa wasafiri warudi kwao, ukairudia mara saba, ukampulizia mtoto utosini. Ndipo ukageuka. "Dua haikatwi, mwanangu. Kata hiyo mashine yako." Watu wakacheka. Mwenye kamera hakuzima. Ukamshika Hidaya mashavu yote mawili. Hukujua inarikodi. Au ulijua, nakujua weye. Ukamwambia:

"Siku ya kwenda kweli, nenda. Baba yako atakasirika siku tatu. Ya nne atakuuliza huko utakula nini."

Mama yako kageuka. Kaisikia sauti, kageuka na kiti chake. Katazama mpaka mwisho, ushungi mdomoni. Ilipozima akasema, "Usitoe kitu." Akaenda kutawadha.

Mie nkatoka uani. Umemuaga mtoto mbele ya watu wa Unguja, mbele ya Bi Saumu na majirani wote, umemuaga kweli kweli na dua yake kamili, na mie mumeo niko gatini na mfuko begani, sijui. Na siku tatu! Umenipimia hasira kama mtu anayepima sukari. Umekosea kipimo. Tokea Nasra alete habari hii ni wiki ya tatu, na bado nnayo.

Hidaya alikuwa anaanua nguo. Nkasimama. Nlitaka kusema kitu cha maana, cha baba. Nkafungua mdomo, likatoka hilo hilo.

"Huko utakula nini?"

Shati langu likamponyoka, likaanguka mchangani. Akasema, "Mkate upo, Baba." Nkamwambia mkate sio chakula, na nyama aulize kwanza kachinja nani, na asione haya kuuliza. Akasema atauliza. Anacheka, machozi yanatoka. Nkaokota shati, nkampa, nkaenda kusali.

Leo sikwenda kazini. Tumekwenda kwa sheha, mie na yeye. Nimetia saini. Mkono haukuzoea kalamu, jina limelala upande. Sheha kauliza, "Na mama yake kakubali?" Mzee yule anasahau, na maziko yako kasimama safu ya mbele. Nkamwambia kakubali kabla yangu. Hapo hapo tukapanda gari, tukaipeleka karatasi Uhamiaji, mjini Chake, wakaipokea. Njiani Hidaya kanambia jina la huo mji wa Ujerumani mara tatu. Siwezi kulitamka. Kaniandikia kwenye kikaratasi, nimekitia mfukoni, watu wakiniuliza nitawatolea wasome wenyewe.

Hamadi kaapa hatanisemesha. Atanisemesha, ananiazima jembe langu kila wiki.

Bado nna hasira, sikufichi. Ungenambia hata siku nimechoka. Ningekataa. Ungerudia. Ningepiga kelele, ungenyamaza, ungenipa chai, ungerudia tena. Ndivyo siku zote. Tungegombana wawili. Sasa nimegomba wiki tatu peke yangu, na mtu akigomba peke yake hakuna wa kumwambia basi, inatosha. Nimejiambia mwenyewe. Haina ladha.

Nakuahidi kitu kimoja, kingine sikiwezi. Hasira hii ni yako weye, sitamtwisha mtoto. Siku akiondoka ntakuwepo. Siku akirudi ntakuwepo. Na kama hakurudi, kama yule wa kwenye filamu, simu yake ntaipokea, na sitamuuliza unakuja lini mpaka aseme mwenyewe. Hilo litanishinda, lakini nimeshaahidi.

Haya, Mama Hidaya. Mungu akupanulie pahala hapo ulipo. Ijumaa ntakuja kukuombea tu, kugomba nimemaliza huku. Hidaya anataka daftari lake. Kesho narudi kazini.