Wa Kwanza Kusema Amechoka

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mama Kasuku mpenzi,

Habari za hapo nyumbani? Mgongo je, unakuruhusu kulala? Mimi mzima kama lori jipya, ila goti la klachi limeanza kunung'unika. Nakuandikia barua kwenye simu kwa sababu nikikupigia huniachi nimalize sentensi.

Nimefika. Mimi niliyevuka mipaka na lori mpaka askari wakaniita shemeji, nakubali, huu ni mji. Majengo marefu hadi shingo inauma. Kuna daraja watu wanapanga foleni walivuke, na wakifika ng'ambo wanageuka kurudi. Treni inapita chini ya ardhi, na ndani wote kimya kama wamegombana. Magari hayapigi honi. Sijui wanaonyana vipi.

Binti yetu alinipokea vizuri. Chumba chake ukifungua mlango unagonga kitanda, ukifungua dirisha unasalimiana na ukuta. Kitanda kanipa mimi. Jioni anaondoka, anasema analala kwa rafiki yake. Asubuhi anarudi, ananitengea chai, tunatoka. Leo tumeona mnara, hoteli moja ya vioo vitupu, na bustani yenye bata wanene kuliko mwenye nyumba wetu. Goti linawaka moto. Lakini sheria yetu ya mezani unaijua: anayesema "nimechoka" wa kwanza ndiye anayeosha vyombo. Kasuku amesafiri nayo, na mimi siwezi kushindwa na mtoto niliyembeba mgongoni.

Ulilonituma sijalisahau. Nitamwambia arudi nyumbani. Nasubiri tu akae chini.

Mumeo,
Baba Kasuku


Jumatano, tarehe 5 Juni

Baba Kasuku,

Salamu zimefika. Mgongo uko palepale, na mimi nipo nao. Habari za bata nimewasomea majirani, wamecheka mpaka wakaomba maji.

Ila mnara umenieleza nikaujua, mtoto hujanieleza. Amenenepa au amekonda? Huyo rafiki umemwona? Tulimpa jina la Kasuku kwa sababu hata usingizini alikuwa anaongea. Siku hizi nikimpigia ni "ndiyo mama," halafu basi. Majengo hayana mama huku. Niandikie habari za mwanangu.

Mkeo


Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mama Kasuku,

Hujambo wewe, na hasira zako hazijambo? Sisi tunasukuma siku.

Amekonda kidogo, labda ni nguo za huku. Rafiki hajajitokeza. Mikono ya Kasuku imechubuka na inanuka sabuni. Nilipouliza akasema anapenda kufua. Jana alinipeleka makumbusho, vyumba visivyokwisha, picha za marehemu walionuna. Nikamwambia kuna benchi pale, tukae tuitazame hii vizuri. Akaniuliza, "Umechoka, baba?" Nikamwambia nani, mimi? Basi tukapanda ngazi kwenda kuutazama mji kutoka juu. Ni mkubwa. Kwa kweli sikuona kitu, nilikuwa natafuta pa kushika.

Bado hajakaa chini.

Mumeo


Jumamosi, tarehe 8 Juni

Baba Kasuku,

Leo sikuulizi afya.

Mtu anayetoka jioni akarudi asubuhi na mikono iliyochubuka hakwenda kulala. Miaka mingapi nimekufungulia mlango alfajiri umetoka safari? Sura hiyo naijua hata kwa kuandikiwa. Mtoto anafanya kazi usiku, na mchana anakutembeza kwa sababu baba yake hachoki. Nawe unatembea kwa sababu yeye hachoki. Mnauana kwa mchezo niliouanzisha ili nipate wa kusugua sufuria.

Sema hilo neno. Sema wewe kwanza.

Mkeo


Alhamisi, tarehe 13 Juni

Mama Kasuku wangu,

Samahani kwa kimya. Nilikuwa naosha vyombo.

Barua yako ilinikuta kwenye foleni ya gurudumu kubwa la kupandisha watu angani. Nikaisoma, nikamtazama. Macho wazi, haoni kitu. Usingizi huo naujua, umewaua wenzangu barabarani. Nikasema kwa sauti, foleni nzima isikie, "Kasuku, nimechoka."

Akanitazama kama nimemletea habari ya msiba. "Umeshindwa, baba?"

"Nimeshindwa. Vyombo vyangu."

Akakaa chini, palepale kwenye sakafu, watu wakimzunguka. Akasema, "Mimi nilichoka zamani."

Anafua mashuka ya ile hoteli ya vioo. Mama Kasuku, mimi niliisifu mbele yake, na yeye akatabasamu. Alisema nimetoka mbali kuja kuona mji, si kumwona yeye amelala. Nilimshika mkono tukarudi chumbani, nikamlaza kitandani, nikakaa mlangoni kama mlinzi wa benki. Alilala mchana kutwa. Nikaosha vya kwake, kisha vya jiko zima wanalotumia na wapangaji wenzake. Mmoja alinishukuru kwa lugha yao, nikamjibu kwa Kiswahili, tukaelewana. Alipoamka alianza kuongea, na hadi leo hajafunga mdomo. Masikio yananiuma vizuri.

Nimemwambia arudi. Anasema akirudi hivi, mtaa mzima utasema mji umemshinda. Mambo ya mtaa unayajua wewe. Tiketi yangu ni ya Jumapili. Mwandikie wewe.

Mumeo aliyechoka,
Baba Kasuku


Ijumaa, tarehe 14 Juni

Kasuku mwanangu,

Hujambo? Baba yako mpe pole ya goti, na sabuni zaidi.

Mtaa uachie mimi, nauweza. Tangu uondoke kuna kiti mezani nakifuta vumbi kila asubuhi, na sijawahi kusema kitu. Leo nasema: nimechoka. Baba yako ameshasema, na mimi nimesema. Ukisema sasa ni wa tatu, na wa tatu nyumba hii hajawahi kuosha hata kijiko.

Vyombo vyote ni safi. Njooni mvichafue.

Mama yako